Bastola kiunoni, usiku mzima kwenye barabara kuu ya I-20

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja anayesoma Denton, hapa Texas, alinipigia simu nikiwa barabarani, shikamoo kaka, marahaba, habari za shemeji, salama, alafu akaingia kwenye shida yake bila kuzunguka: kaka, we ukiwa unaendesha ule mguu wa kuku, bastola yako, unauweka wapi? Maana yeye ameshaangalia video nyingi, kuna jamaa wanaifunga kwa sumaku chini ya usukani, wengine wanaiweka kwenye kile kiboksi cha katikati ya viti, wengine pembeni ya mlango, na yeye anataka anunue ndani ya mwezi huu kwa sababu amepata kazi ya kupeleka chakula usiku na kuna mitaa haipendi. Nikamwambia kabla sijakujibu wapi naiweka, nijibu we kwanza, uko hapa kwa karatasi gani? Kimya. Akasema kaka si unajua, bado niko F-1, viza ya mwanafunzi.

Basi mazungumzo ya kuiweka wapi yakaishia hapo, nikaanza mengine. Na ndo maana naandika hii, kwa sababu nimegundua watu wetu wengi huku wanaanza na swali la mwisho.

Sheria ya serikali kuu ya Marekani, kile kifungu cha 922(g), inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, ya masomo, ya matembezi, ya kazi ya muda, kuwa na silaha au hata risasi. Haijalishi uko Texas ambako kila pickup unayopishana nayo pengine ina bastola ndani. Na kukatazwa sio kununua tu, ni kuwa nayo mkononi, kwa hiyo hata ile ya kwenda renji, uwanja wa kulenga shabaha, na washkaji Jumamosi kukodi bastola ya saa moja upige picha uweke status, kwa mtu wa F-1 hilo ni kosa la jinai la federo, yaani la serikali kuu, na umejipiga picha mwenyewe kama ushahidi. Kuna upenyo mdogo wa mtu mwenye leseni ya uwindaji lakini usiingie humo kwa ushauri wa grupu la WhatsApp, lipa wakili wa uhamiaji akusomee karatasi zako. Mwenye green card, kadi ya ukaazi wa kudumu, ni sawa, raia ni sawa, mimi mwenyewe nilinunua ya kwanza nikiwa na green card, unajaza fomu inayoitwa 4473 na wanataka ile namba yako ya A ya uhamiaji, wanapiga background check, yaani wanakagua rekodi zako, ikipita unaondoka nayo. Ila na hapo sisi tuna mzigo ambao mzaliwa wa hapa hana. Mwenyeji akipatikana na hatia ya kosa la silaha anapigwa faini au anafungwa, akitoka anarudi nyumbani kwake. Mwenye green card kosa la silaha linaweza kumrudisha alikotoka baada ya miaka ishirini ya kuchapa kazi, na watoto wamebaki hapa. Kwa hiyo nikiongea kwa ukali juu ya vitu vidogo vidogo huko chini, muelewe nimeanzia wapi.

Kazi yangu ni kubeba sampuli, damu na vitu vya maabara, nachukua kliniki na hospitali napeleka. Naanzia Fort Worth jioni naenda Abilene, kama maili 150, kuna usiku naunganisha mpaka Midland ambayo ni kama 150 nyingine, alafu narudi. Gari ni langu, RAV4. Ukitoka Weatherford kuelekea magharibi usiku ni giza na upepo na matrela, kuna sehemu unaendesha nusu saa hujaona taa ya nyumba. Niliamua kubeba baada ya usiku mmoja sheli ya maeneo ya Sweetwater, saa tisa usiku, gari moja lilinifuata toka kwenye pampu mpaka barabarani, likanifuata exit tatu, nikiongeza mwendo linaongeza, nikipunguza linapunguza, mwisho likakata likaenda zake. Hakikutokea kitu. Lakini nilifika nyumbani nikamwambia mke wangu, akakaa kimya muda mrefu, alafu akasema kama utabeba, ubebe kwa utaratibu, sitaki kuiona imezagaa hapa ndani. Hilo neno kuzagaa ndo limekuwa kipimo changu mpaka leo.

Sheria ya Texas yenyewe kwa ufupi. Tangu 2007 mtu anayeruhusiwa kisheria kuwa na bastola anaweza kuwa nayo ndani ya gari lake mwenyewe bila leseni yoyote ilimradi haionekani. Alafu 1 Septemba 2021 ikaanza ile ya kubeba bila leseni kwa mwenye miaka 21 na kuendelea kama hana makatazo mengine, na ndani ya gari hata ikionekana sio kosa mradi iko kwenye holsta, ala yake. Ila lazima usiwe unafanya kosa lingine kubwa kuliko makosa madogo ya barabarani. Watu hawalisikilizi hilo. Ukiendesha umelewa, hilo ni kosa kubwa, na bastola iliyokuwa halali saa mbili zilizopita nayo inageuka kesi juu ya kesi. Mimi kwa hiyo nimejiwekea, siku nimeenda kwenye harusi au kipaimara na kuna bia, bastola imebaki nyumbani kwenye sefu, sio kwenye gari, nyumbani. Na bangi usiseme, fomu ya 4473 inaliuliza wazi swali la bangi na inakuandikia kabisa kwamba hata kama jimbo lako limeruhusu, federo hawajali, na New Mexico iko hapo jirani wanauza dukani.

Sasa watu wananiuliza kama leseni hailazimiki kwa nini nilikwenda kuchukua LTC, leseni ya Texas ya kubeba bastola. Dola 40, darasa la saa chache, alama za vidole, na mtihani wa risasi 50, ishirini unapiga kwa yadi 3, ishirini kwa yadi 7, kumi kwa yadi 15, unatakiwa asilimia 70. Sio mgumu. Nilikwenda kwa sababu ya shule. Kuna sheria ya federo ya 1990 ya maeneo ya shule, ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta 1995 kwenye kesi iliyotoka hapa hapa San Antonio, bunge likaiandika upya 1996, na inasema ndani ya futi 1,000 kutoka kwenye shule huruhusiwi kuwa na silaha yenye risasi isipokuwa una leseni ya jimbo hilo. Futi elfu moja ni kama mita 300. Ebu fikiria hapa mjini utaendesha dakika ngapi bila kupita karibu na shule, haiwezekani. Ile sheria ya Texas ya bila leseni haikusaidii chochote hapo kwa sababu hujapewa leseni na mtu. Mwenyeji anaweza akasema hawajawahi kunikamata, mimi siwezi kujenga maisha ya familia yangu juu ya hawajawahi kunikamata. Na faida ya pili ni mipaka, Oklahoma, Louisiana, Arkansas na New Mexico wanaitambua leseni ya Texas. California, New York, New Jersey na Maryland hawaitambui hata kidogo. Kama unasafiri kupitia majimbo ya namna hiyo, kuna sheria ya 1986 inayokulinda njiani ukiwa unatoka sehemu unayoruhusiwa kwenda sehemu unayoruhusiwa, lakini bastola iwe haina risasi na iwe kwenye buti, na kama gari halina buti iwe kwenye boksi lililofungwa kwa ufunguo, na kile kiboksi cha katikati au cha dashibodi havihesabiki hata ukivifunga. Na ulinzi huo ni wa kupita, ukiamua kulala kwa shemeji New Jersey siku mbili umeshatoka kwenye kupita.

Haya, tuje kwenye mwili, maana hapa ndo kuna mateso na hapa ndo makosa mengi yanaanzia.

Mtu akinunua bastola muuzaji dukani anampa holsta ya kuvaa ndani ya suruali upande wa kulia nyuma kidogo ya nyonga, anasimama mbele ya kioo, haionekani, anafurahi, analipa. Hajakaa. Kukaa kwenye kiti cha gari ni jambo lingine kabisa. Kiti cha gari kimekunjwa pembeni kikubane, kwa hiyo mpini unasukumwa na kiti unaingia kwenye figo, na bomba, mtutu wenyewe, linasukumwa chini kwenye kalio. Nusu saa unavumilia. Fort Worth mpaka Abilene ni saa mbili na ushee, nilikuwa nafika mguu wa kulia umekufa ganzi nashuka kama mzee. Alafu kuna kitu ambacho sisi tuliojifunzia kuendesha nyumbani tunakigundua kwa kuchelewa: Tanzania dereva anakaa kulia, kwa hiyo pale mkanda unapoingia kwenye klipu ni kwenye nyonga ya kushoto. Huku dereva anakaa kushoto na klipu iko nyonga ya kulia, hapo hapo bastola ilipo. Kila ukifunga mkanda unagombana na mpini, na kila ukifungua kuna hatari shati likavutika ukashuka sheli mpini uko nje unachungulia watu.

Nikahamishia mbele, pale tumboni karibu na kitufe cha suruali, vijana ndo wanapapenda sana siku hizi. Ukisimama pako safi. Ukikaa, kama una tumbo la miaka arobaini na kitu, tumbo linashuka juu ya mpini na bomba linaelekea kwenye paja na sehemu ambazo mwanaume hataki kitu kielekee. Kuna waliofanikiwa nayo, wanaongeza kisponji upande wa chini wa holsta ili bomba lisukumwe nje na mpini ulale kwenye mwili, wanaipandisha juu kidogo ili isikunjwe na nyonga, wanalegeza mkanda wa suruali tundu moja wakiingia garini, wanalaza kiti nyuma kidogo. Nilijaribu yote hayo, inasaidia, kwa safari ya mjini ya dakika arobaini ningeichagua hiyo. Kwa saa tano hapana.

Ya kwenye kifundo cha mguu nayo niliivaa miezi miwili. Gari la otomatiki mguu wa kushoto hauna kazi kwa hiyo unaweza kuifunga ndani ya mguu wa kushoto na ukiwa umekaa ni rahisi kuifikia kuliko zote. Lakini miguu inavimba ukikaa usiku kucha, ule mkanda unakata, na lazima iwe ndogo sana. Ya begani inahitaji koti, na mtu avae koti Texas mwezi wa nane.

Nilipotulia mwisho ni mbele kushoto, kama saa ingekuwa tumboni mwangu basi ni kwenye saa tano, pale kwenye namba 11, mpini umelala kuelekea mkono wa kulia. Watu wa zamani wanaiita ya kuvuka. Klipu iko upande mwingine kwa hiyo hawagombani, kiti hakiigusi, figo zimepumua. Ule mkanda wa kiti wa chini unaupitisha chini ya mpini, ukae juu ya mifupa ya nyonga kama inavyotakiwa, usikubali mkanda upite juu ya bastola kwa sababu gari likigonga ule mkanda utakusukumizia chuma tumboni kwa uzito wako wote. Ukishafunga unatoa shati linaangukia juu ya kila kitu. Mashati yangu ya kitenge ya kutochomekea ndo yamekuwa sare, ni mapana, ni marefu, na yale maua maua yanaficha umbo kuliko shati la rangi moja.

Mambo mengine mawili ya vifaa. Mkanda wa suruali uwe mgumu wa kazi hii, mkanda laini wa ofisini unafanya bastola inaning'inia na unashinda unaivuta vuta suruali. Na holsta iwe ya plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa bastola hiyo hiyo unayobeba, inayofunika triga (kifyatulio) yote, isiingie hata kidole, isiingie hata ncha ya shati. Zile za kitambaa za dola kumi zinazosema zinaingia bastola zote, tupa. Na ukitoka kazini ifute, jasho la kiangazi la huku linakula chuma, mimi nilikuta kutu kwenye skrubu ndani ya wiki tatu.

Kwa nini naongea sana habari ya figo na kitambi kwenye jambo zito kama hili? Kwa sababu bastola inayokuumiza utaivua. Na ukiivua ukiwa unaendesha unaiweka wapi? Hapo ndo inaanza ile kuzagaa aliyoisema mke wangu.

Iliwahi kunitokea. Ni ule mwaka wa kwanza, naivaa nyuma kulia, narudi kutoka Abilene, kiuno kinawaka moto, nikaichomoa nikaiweka kati ya kiti na kile kiboksi, bila holsta, nikijiambia ni dakika chache tu nifike. Ukitokea magharibi kuna mteremko mrefu pale Ranger, matrela yanashuka hapo kwa gia ndogo. Nusu ya mteremko kulungu wawili wakatokea kwenye taa. Nikafunga breki. Kulungu wakapita salama, mimi pia, ila nikasikia kitu kizito kinatambaa kwenye kapeti, kinagonga, kimya. Bastola imeteleza imeingia chini, imekaa nyuma ya pedali ya breki. Ina risasi kwenye chemba. Niko kwenye mteremko, nyuma yangu trela, na mguu wangu unatakiwa kurudi pale ilipo. Nilishusha gia nikaacha injini ishike, nikawasha hazadi nikasogea pembeni polepole mpaka gari likasimama lenyewe kwa handbreki. Nilikaa nikiitazama ile kitu pale chini kama mtu anayetazama nyoka kwenye viatu vya mtoto.

Tangu siku hiyo nina sheria moja, na ndo niliyompa mdogo wangu kwa ajili ya siku karatasi zake zitakapokaa sawa: bastola haitoki kwenye holsta ndani ya gari. Holsta ikitoka mwilini inatoka na bastola ikiwa ndani yake, zote kwa pamoja kama kitu kimoja, zinaingia kwenye boksi la chuma, basi. Haichomolewi, haichezewi, haihamishwi kutoka hapa kwenda pale. Watu wanaojipiga paja kwenye magari wengi hawakuwa kwenye mapambano yoyote, walikuwa wanaitoa au wanairudisha kwenye parking ya duka, wamejikunja nyuma ya usukani, kidole kikapita pasipotakiwa. Na zile sumaku za chini ya usukani alizoziona kwenye video, nilimwambia ukweli, bastola iliyoning'inia mbele ya magoti yako bila kufunikwa triga, siku ya ajali itakuwa inaruka humo ndani na wewe huna pa kukimbilia, na siku umepaki imebaki humo ndo kitu cha kwanza mwizi atavunjia kioo.

Hapo kuna shida ya kazi kama yangu, kupanda na kushuka. Hospitali Texas huruhusiwi kuingia nayo ndani. Kliniki nyingi wamebandika yale maandishi ya vifungu vya sheria vya 30.06 na 30.07, herufi kubwa Kiingereza na Kihispania, ya kwanza inamkataza mwenye leseni aliyeificha, ya pili anayeivaa waziwazi, na ile ya 30.05 inamlenga asiye na leseni. Baa yenye alama nyekundu ya 51%, yaani mapato yake mengi ni ya pombe, ni marufuku, leseni au huna. Shule hapana, mahakama hapana. Posta hapana, na posta ni kali zaidi kwa sababu ni mali ya federo, mpaka ile parking yake mwenyewe huruhusiwi, sio jengo tu, kwa hiyo siku ya kutuma kifurushi nyumbani Tanzania sipiti nayo kabisa. Eapoti ndo msiseme, viwanja vya Texas viko kati ya vile vya juu kwa bastola zinazokamatwa kwenye mikoba, na wengi wanasema nilisahau. Kama mtu anaweza kusahau kwamba ana bastola kwenye begi, basi hiyo begi haikuwa sehemu ya kuiweka.

Kwa hiyo usiku wa hospitali nyingi siivai. Inaingia kwenye boksi nikiwa bado gereji kwangu, na humo inakaa mpaka narudi gereji kwangu. Boksi lenyewe ni la chuma, la namba, limefungwa kwa waya mnene kwenye reli ya kiti, sio lile la kubeba mkononi ambalo mwizi anaondoka nalo akafungulie kwao. Mwenzangu mmoja wa kazini akaniambia sasa ina faida gani, si itakuwa mbali na wewe ukishuka. Ndio itakuwa mbali. Lakini kuivua na kuivaa mara nane kwa usiku mmoja, kwenye giza, nimechoka, kwenye parking zenye kamera na manesi wanapita, hiyo hatari ni ya uhakika kila siku, na ile ya sheli Sweetwater ilinitokea mara moja. Nimepima hivyo, mwingine atapima vingine.

Na isilale kwenye gari. Bastola nyingi zinazoibwa Marekani zinaibwa kwenye magari, na wezi wanajua kusoma, ukibandika stika za kampuni za bastola kwenye kioo cha nyuma umewawekea tangazo. Nyumbani nina watoto, na Texas ukiacha bastola yenye risasi mtoto wa chini ya miaka 17 akaifikia kwa uzembe wako ni kosa lako wewe mzazi. Sheria isingekuwepo bado ningefanya hivyo hivyo.

Kuna kitu kingine kilibadilika na sikukitegemea. Zamani nilikuwa dereva wa honi, mtu akinichomekea na mimi namchomekea, kama daladala za Tanga. Sasa hivi siwezi. Mwaka jana kwenye I-35W jamaa alinikata akapunguza makusudi, akashusha kioo akatoa matusi na mkono unaonyesha vidole, nikaingia exit ambayo sio yangu nikapoteza dakika kumi na tano. Mwenye bastola hana haki ya kujibu matusi. Ukimwelekezea mtu bastola barabarani ili aogope tu, hapa hiyo ni shambulio la silaha, ni miaka mingi jela, na kwa mwenye green card nimeshasema. Na hata ukiacha jela, yeye naye pengine anayo.

Mwisho polisi, na hili naliandika taratibu. Mwaka 2016, tarehe 6 Julai, Philando Castile alisimamishwa na polisi pale Falcon Heights, Minnesota, mtu mweusi mwenzetu, mfanyakazi wa jikoni shuleni, ana leseni halali ya kubeba. Alimwambia askari kwa heshima kwamba ana silaha. Alipigwa risasi akiwa amekaa kwenye kiti chake, mwenzake pembeni na mtoto wa miaka minne nyuma. Yule askari mwaka uliofuata mahakama ilimwona hana hatia. Kila mtu mweusi anayebeba kihalali kwenye gari analijua hilo jina na anaendesha nalo.

Mimi nimesimamishwa mara moja nikiwa nayo, nje kidogo ya Baird, saa nane usiku, taa moja ya mbele ilikuwa imekufa. Nilishajipanga siku nyingi. Leseni ya udereva na LTC sikai nazo kwenye waleti, ziko kwenye kijifuko kwenye kinga ya jua, pamoja na karatasi ya bima, ili mkono wangu usishuke kiunoni hata kidogo. Nikasimama pembeni, nikazima injini, nikawasha taa ya ndani, nikashusha vioo vyote vinne, mikono juu ya usukani vidole vimeachana. Texas mwenye LTC akiombwa kitambulisho na askari akiwa amebeba analazimika kutoa zote mbili. Sikutumia lile neno la silaha peke yake. Nilisema afande habari za usiku, nina leseni ya kubeba, kadi zangu ziko hapa juu kwenye kinga ya jua, bastola iko mbele kushoto kwenye holsta, naomba uniambie unataka nifanye nini. Alikuwa kijana. Akanyamaza kidogo, akasogea hatua moja nyuma kwenye nguzo ya mlango, akasema we usiguse yako na mimi sigusi yangu, mkono wa kulia toa kadi polepole. Nikazitoa. Sheria inamruhusu kuichukua bastola wakati tunaongea na kunirudishia, hakuichukua. Akaenda kwenye gari lake akakaa, kwangu mimi ilikuwa kama saa nzima, nikawa nayatazama matrela yanapita na RAV4 inatikisika kila likipita, mikono iko pale pale.

Akarudi na karatasi ya onyo, badilisha taa kabla ya kesho jioni, nenda salama bwana. Nikamshukuru. Akazima zile taa zake nyekundu na bluu akanipita akaingia barabarani. Mikono yangu ilikuwa bado juu ya usukani, nikaona jasho limebaki kwenye ile ngozi, nikaiacha pale mpaka taa zake za nyuma zikapotea kabisa, ndo nikapiga simu nyumbani. Mke wangu akapokea kabla haijaita mara ya pili.